Tone Moja Lililozidi

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za tangu juzi. Nimewasikia mlioko nyuma mkinong'ona: "Leo tena titresheni." Ndiyo, leo tena: kudondoshea besi kwenye asidi, tone kwa tone, mpaka kiashiria kibadilike rangi.

Nilikuwa na kijana wa kidato cha nne, wa kwanza darasani. Ukimwuliza maana ya titresheni anakumwagia kwa Kiingereza, hata koma hakosei. Siku ya vitendo nikampa bureti, ule mrija wa kioo wenye mililita ubavuni na koki chini, yenye besi ya sodiamu haidroksaidi; kwenye flaski asidi na kiashiria. Jamani, alifungua koki kama anajaza ndoo bombani! Flaski ikawa pinki ya kanga mpya. Pinki tunayoitafuta ni ile hafifu, ambayo usipoweka karatasi nyeupe chini ya flaski huioni. Yeye ananiangalia kwa furaha: "Mwalimu, imebadilika!" Imebadilika, eti. Alikuwa amepitiliza mililita tatu nzima.

Akarudia, akapitiliza tena. Mara ya tatu nikasimama ubavuni pake. Mkono wa kushoto kwenye koki, wa kulia unazungusha flaski. Tone likianguka linaacha kiwingu cha pinki, ukizungusha, kinapotea. Kiwingu kikianza kuchelewa kupotea, punguza, sasa ni tone moja moja. Akapata. Na mimi nikashtuka: habari ya kiwingu kuchelewa sikuwahi kuiandika ubaoni miaka yote ile. Chaki mkononi, hata haikunijia!

Sasa kuna mwalimu pale ananitazama kwa jicho la "maabara iko wapi?" Ana haki. Wanafunzi themanini, bureti mbili, moja inavuja. Lakini choya, yale maua mekundu ya juisi, sokoni ipo. Ichemshe, maji yake mekundu. Chuja maji ya majivu, hayo ndiyo besi yenu, yavute kwa sirinji, dondoshea: wekundu unakufa, unakuja ukijani. Kamulia ndimu, wekundu huo unarudi. Na sirinji ina mililita ubavuni, kwa hiyo watoto wanapima, hawachezi.

Mwingine atasema wanafunzi wenyewe wanapenda kusikiliza na kuandika nukuu kuliko vitendo. Kweli kabisa! Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha walichokiona kwenye madarasa yao ya fizikia: wanafunzi waliona wamejifunza zaidi kwenye mhadhara uliotolewa vizuri kuliko kwenye kipindi cha kuhangaika na maswali kwa vikundi. Mtihani ukasema kinyume. Na uchambuzi wa 2014, wa tafiti 225 za sayansi, hisabati na uhandisi: kwenye mihadhara walifeli karibu asilimia 34, kwenye kujifunza kwa kushiriki asilimia 22 hivi. Ni takwimu za vyuo, najua, shusha mkono.

Wala sisemi chaki itupwe. Hakuna mtoto atakayegundua jedwali la elementi kwa kuchemsha choya.

Nilitaka kugusa mitihani na mafunzo kazini, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Basi. Choya iko pale mezani, sirinji ni kumi, kaeni watatu watatu. Na wewe mwalimu wa historia, usijifanye unapokea simu.