Mabingwa wa Alkmaar Waliofungiwa Milango

Ndugu zangu, nashukuru kwa kunikaribisha. Mada ni soka la wanawake Uholanzi, na pengine mlitaraji nianze na fainali ya Enschede ya 2017, Uholanzi ilipoichapa Denmark 4–2 na kutwaa Kombe la Ulaya. Hiyo mliiona. Mimi naanza na timu iliyovunjwa: wanawake wa AZ, klabu ya mji wa Alkmaar.

Mwaka 2007 shirikisho la soka la huko, KNVB, lilianzisha ligi kuu ya wanawake, Eredivisie, kwa timu sita: AZ, ADO Den Haag, Twente, Utrecht, Heerenveen na Willem II. Hakukuwa na kupanda wala kushuka daraja. Klabu iliingia kwa sababu imekubali kulipa gharama. Hapo shikeni vizuri, maana aliyeingia kwa hiari hazuiwi kutoka kwa hiari.

AZ wakachukua ubingwa 2008, wakarudia 2009, wakarudia tena 2010. Misimu mitatu ya mwanzo, hakuna mwingine aliyeonja. Beki wao Daphne Koster ndiye aliyekuwa nahodha wa Uholanzi iliyofika nusu fainali ya Ulaya kule Finland mwaka 2009.

Sasa tuje kwenye pesa. Mwenyekiti wa AZ alikuwa Dirk Scheringa, polisi wa zamani aliyejijengea benki yake, DSB. Jina la benki lilikuwa kifuani mwa jezi za wanaume, na uwanja wenyewe uliitwa DSB. Oktoba 2009 Pieter Lakeman, mtetezi wa wateja waliolalamikia mikopo ya benki hiyo, akasema hadharani kwenye televisheni: watu watoe akiba zao. Wakatoa kweli, mamia ya mamilioni ya euro, na mwezi haujaisha benki ikatangazwa kufilisika. Klabu ikapoteza mwenyekiti na mdhamini kwa mpigo mmoja.

Panga la kubana matumizi likaanza kutembea. Mwaka 2011 AZ wakatangaza kuifunga timu ya wanawake. Wanaume, waliokuwa mabingwa wa 2009 chini ya Louis van Gaal, wakaendelea. Msimu huohuo wa mwisho wasichana wakabeba Kombe la KNVB! Willem II nao wakajitoa kwenye ligi.

Huwa naambiwa soka la wanawake halilipi. Sawa, lakini shimo la Alkmaar halikuchimbwa na wanawake. Walikatwa kwa kuwa kuwakata kulikuwa rahisi. (Naona wengine mmeanza kuhesabu vidoleni timu za hapa nyumbani. Leo nabaki Uholanzi.)

Waliowaokota ni Telstar, majirani kutoka Velsen, klabu ambayo wanaume wake walikuwa daraja la pili. Koster naye akacheza huko msimu mmoja kabla ya kwenda Ajax. Mwaka 2017 timu ile ikawa klabu inayojitegemea, VV Alkmaar, na 2023 AZ wakaichukua tena. Mataji yale matatu yanasomeka kwenye rekodi kwa jina la AZ, na ni haki yao. Ila kwa miaka kumi na miwili iliyofuata, aliyelipa nauli na kununua mipira alikuwa mtu mwingine.