Ruhusa Zisizo na Taa

Ndugu zangu, nikiuliza ni nani aliyebandika karatasi juu ya kamera ya simu yake, najua mikono itanyanyuka. Sawa, haidhuru. Ila kamera na kipaza sauti haviniumizi kichwa sana: simu za miaka ya karibuni huwasha kitone cha rangi juu ya kioo kila vinapotumika. Hofu yangu ni ruhusa nyingine tunazozipa programu za simu, zile zisizo na taa kama hiyo.

Mwaka 2013, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimshtaki mtengenezaji wa Brightest Flashlight, programu ya tochi. Tochi, jamani! Ilipeleka mahali alipo mtumiaji kwa mitandao ya matangazo, na ilianza kupeleka hata kabla hajabonyeza kukubali masharti. Enzi hizo Android, mfumo unaoendesha simu nyingi, iliomba ruhusa zote kwa mkupuo. Ukikataa, programu huipati. Toleo la 6, la mwaka 2015, likaleta utaratibu wa kuombwa ruhusa nyeti moja moja, na uhuru wa kuzifuta baadaye. Huo uhuru wa kufuta wengi wetu hatuutumii kabisa.

Kuhusu mahali ulipo sitakawia: ruhusu wakati unapoitumia programu tu. Ya hali ya hewa ipe eneo la kukadiria; mvua hainyeshi mlangoni kwako peke yako.

Orodha ya majina na namba ulizohifadhi kwenye simu ndiyo nzito. Ukiifungulia programu, unagawa namba za daktari wako, wakwe zako, mtu aliyekuomba usimpe yeyote namba yake. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Kisha kuna ufikivu, kwa Kiingereza accessibility. Uliwekwa kwa nia njema, kuwasaidia wasioona na wenye ulemavu mwingine kutumia simu. Kwa hiyo programu yenye ruhusa hiyo huweza kusoma yaliyo kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako, hata ndani ya programu ya benki. Wezi wa mtandaoni wanaipenda kuliko zote. Mchezo au kikokotoo kikiiomba, usijadiliane nacho, kifute.

Haya, toeni simu. Fungueni mipangilio, tafuteni sehemu ya faragha, na mwangalie ruhusa moja moja badala ya programu moja moja. Tunaanza na orodha ya majina. Atakayekwama anyooshe mkono, ninapita kwenye safu.