Punje za Mahindi Darasa la Tano

Wakubwa zangu shikamooni; walimu wenzangu, habari za asubuhi. Nimeombwa nieleze jinsi wavulana wanavyojifunza tofauti na wasichana. Walionisikia zamani wanajua pa kuanzia: kabla ya kuchungulia vichwa vya watoto, tusikilize midomo yetu sisi.

Nilikaa dawati la nyuma, darasa la tano, kipindi cha hisabati, na punje za mahindi mfukoni. Mwalimu akimwuliza mvulana, naweka punje kushoto. Akimwuliza msichana, kulia. Ubaoni kukaandikwa theluthi mbili toa robo. Binti aliyekaa mbele yangu akainama, pembeni mwa daftari akaandika 8/12, chini yake 3/12, akapata 5/12. Akarudia hesabu yake kwa ncha ya kalamu. Mkono ukaanza kupanda, ukafika usawa wa sikio. Kumbe mvulana wa dirishani ameshapaza sauti, "Moja!" Mwalimu akamwambia, "Karibu, fikiri tena." Akamsogelea, wakatafuta asili pamoja, hatua kwa hatua, mpaka akapata. "Makofi kwake!" Binti naye akapiga makofi, jibu liko mbele yake tangu mwanzo.

Jamani, yule mvulana alijifunza vizuri mno! Alikosea mbele za watu, akashikwa mkono. Binti alipatia, hakuna aliyejua. Kengele ilipolia, punje za kushoto zilijaa kiganja. Za kulia nilizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na darasa lile wasichana ndio walikuwa wengi.

Mtaniambia, "Lakini wavulana ndio wanaonyosha mikono." Wananyosha kwa sababu tunamchukua wa kwanza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili miaka ya 1970: mwalimu akishauliza, husubiri kama sekunde moja tu. Akisubiri tatu, majibu huwa marefu zaidi, na watoto waliozoea kunyamaza huanza kusema. Sekunde tatu! Hazihitaji bajeti wala kibali cha mtu.

Mwingine atasema ni ubongo. Haya, tazameni mtihani wa kimataifa uitwao PISA, wa 2018, wa vijana wa miaka 15 wa nchi nyingi. Katika hisabati, wastani wa nchi za OECD, jumuiya ambayo wengi wake ni nchi tajiri, uliwaweka wavulana mbele kwa alama 5, na ziko nchi ambako wasichana ndio walioongoza. Ubongo gani huo unaobadilika ukivuka mpaka?

Katika kusoma, wasichana waliongoza kila mahali, kwa wastani wa alama 30. Hapo wavulana ndio wanaoumia, na nilitaka kulisemea kwa kirefu, ila naona karatasi ya muda imeshainuliwa. Basi kwa ufupi: mvulana asiyejua kusoma tunamtuma chaki. Tunamtuma abebe madawati, akamwite mwalimu wa zamu. Anashukuru, nasi tunapumua, na kile kipindi cha kusoma kinampita yuko uwanjani. Msichana tunampa ufagio kabla ya kengele, anaingia kachoka. Habari ya vyoo na siku za hedhi ataisema mwenzangu anayefuata.

Mfuko wa punje uko hapa mezani. Kila mmoja achote kiganja kabla ya chai, na kesho amwombe mwenzake akae dawati la nyuma.