Askofu Muge na safari ya Busia

SALOME: Bwana asifiwe, wasikilizaji. Mwalimu Kiprono, kuna ndugu ametuandikia. Aliuliza kwenye kikao cha kanisa pesa za ujenzi zimeenda wapi, na sasa hata salamu hapewi. Anauliza kama Mungu bado yuko naye.

KIPRONO: Bwana asifiwe sana, dada. Kabla hatujamjibu, tumkumbuke Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, dayosisi ya Eldoret, hapa Kenya. Vijana wengi hawamjui kabisa, na hilo linaniuma. Mwaka 1986 KANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua kwamba uteuzi wa wagombea wake ufanywe kwa mlolongo. Unapanga foleni nyuma ya mgombea wako, peupe, chifu anakutazama.

SALOME: Na ukisimama nyuma ya asiyetakiwa?

KIPRONO: Umeshajulikana. Mchungaji naye akipanga foleni, washirika wa upande wa pili watapokeaje ushirika mkononi mwake? Ndiyo maana viongozi wengi wa NCCK, baraza la kitaifa la makanisa ya Kenya, walikataa. Maaskofu Muge, Henry Okullu na David Gitari, na Mchungaji Timothy Njoya: hao walitukanwa majukwaani bila haya.

SALOME: Mwanasiasa kukutukana, hilo unalitegemea. Kinachonichoma mimi ni ndugu katika imani. Africa Inland Church, kanisa alikosali Rais Moi, lilijiondoa NCCK wakati huohuo.

KIPRONO: Hapo ndipo penye kidonda cha huyu ndugu yetu pia. Soma Wafalme wa Kwanza 22. Manabii wapatao 400 wanamwambia Mfalme Ahabu apande vitani, atashinda. Mikaya mwana wa Imla peke yake anasema hapana. Sasa angalia anayempiga kofi: si askari, ni Sedekia, nabii mwenzake!

SALOME: Kisha anatupwa gerezani.

KIPRONO: Gerezani, kwa chakula cha shida na maji ya shida. Lakini hapa naomba tusiteleze, kwa sababu wengi huteleza hapa. Kuchukiwa si ushahidi kwamba umesema kweli. Wako wanaochukiwa kwa ulimi wao mchafu tu, halafu wanajiita manabii.

SALOME: Kweli kabisa. Muge tunamtofautishaje na hao?

KIPRONO: Chukua habari ya Pokot. Aliposema watu wana njaa huko, wakubwa walikasirika, wakakana. Lakini Pokot ilikuwa ndani ya dayosisi yake. Hao wenye njaa walikuwa kondoo wake. Hakuwa mtu wa mbali anayetafuta kusikika.

SALOME: Halafu ikaja Agosti 1990.

KIPRONO: Waziri Peter Okondo alitangaza hadharani kwamba Muge na Okullu wakikanyaga Busia, huko magharibi mwa Kenya, watauona moto, na huenda wasitoke hai. Waziri wa serikali, dada! Tarehe 14 Agosti Muge akaenda Busia, akakutana na watu wake. Akirudi Eldoret, gari lake likagongana na lori huko Kipkaren. Akafa. Okondo akajiuzulu. Serikali ilisema ni ajali, na hadi leo wako Wakenya wengi wasioliamini hilo.

SALOME: Wengine husema angekaa nyumbani. Kwamba alimjaribu Mungu.

KIPRONO: Sikubali. Askofu anayezuiwa kwa vitisho kuwafikia waumini, akitii mara moja, kesho atapangiwa na mahubiri. Na Desemba mwaka huohuo KANU yenyewe ikauacha mlolongo. Muge hakuiona siku hiyo.

SALOME: Basi ndugu yetu tumwambieje?

KIPRONO: Kwanza ajiulize: hesabu hizo nimeziona, au nimesikia watu wakinong'ona? Pili, Mathayo 18: je, alimwendea mtunza hazina faraghani kabla ya kusimama kikaoni?

SALOME: Tuseme yote mawili aliyafanya. Nilivyosoma barua yake, naamini aliyafanya.

KIPRONO: Basi asihame kanisa. Jumapili aende, akae anapokaa siku zote. Wasipomsalimia, awasalimie yeye, na awaombee kwa majina, pamoja na huyo aliyemgeuzia uso.

SALOME: Na zile pesa? Maana kusamehe kwetu mara nyingi huishia kunyamaza.

KIPRONO: Hapana, azidi kuziuliza. Kikao kijacho asimame tena, aombe hesabu zisomwe, na katibu aliandike swali hilo kwenye kumbukumbu.