Pingamizi Lenye Hoja: Namna Timu Inavyofikia Uamuzi wa Pamoja

Ndugu wasikilizaji, timu nyingi za miradi huamini kwamba wengi wakishapiga kura na kushinda, uamuzi umekuwa wa wote. Mimi nashikilia kwamba kura hufaa pale tu mashauriano yanapokwama, na kwamba uamuzi wa pamoja hupimwa kwa jinsi timu ilivyolishughulikia pingamizi la aliyekataa.

Chukueni IETF, jumuiya inayotunga viwango vya kiufundi vya intaneti. Humo hakuna kura. Kwa desturi yao, mwenyekiti akitaka kujua mwelekeo wa ukumbi, huwaomba waliohudhuria wavumishe sauti wakiwa wamefumba midomo, kwanza wanaokubali, kisha wanaokataa, na mvumo huo mara nyingi ndio unaofungua mjadala badala ya kuufunga. Waraka wao wa mwaka 2014, RFC 7282, unakwenda mbali zaidi: watu 100 wakiunga mkono jambo na watano wakalipinga, huenda mwafaka haujapatikana, iwapo hoja ya wale watano haijajibiwa. Naliona jambo hili kuwa la haki kabisa, kwa sababu kosa la kiufundi halipungui kwa wingi wa wasioliona.

Hata hivyo, mpingaji naye ana wajibu. Katika miradi ya Apache, wakfu unaosimamia programu huria za kompyuta, mwenye haki ya kura akiweka alama ya -1 dhidi ya badiliko la msimbo wa programu, badiliko hilo huzuiwa, lakini sharti aeleze sababu ya kiufundi. Asipoieleza, pingamizi lake halina nguvu.

Linalonisumbua zaidi ni ukimya. Mwenyekiti anauliza, "Kuna mwenye neno?", anatupa jicho mezani, kisha anasonga kwenye ajenda inayofuata, ilhali kijana atakayeifanya kazi yenyewe ameinamia daftari lake kwa kuwa mkubwa wake amekwisha kusema. Apache nao huuhesabu ukimya kuwa ridhaa, ila baada ya pendekezo kuandikwa na kuachwa wazi kwa kawaida saa 72, ili hata wanaojitolea katika majira tofauti ya saa wapate kulisoma. Kwa hiyo nawasihi wenyeviti wapokee maoni kwa maandishi kabla ya wakubwa kuzungumza, na pingamizi lililoshindwa liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na sababu zake, ili mambo yakienda kombo timu ijue pa kuanzia.