Siku Nzima Ndani ya Mashua ya Pondo, Spreewald

Ndugu zangu watazamaji, asalaam aleikum, na poleni kwa majukumu ya huko nyumbani. Leo nawaletea siku ya mapumziko ya majini kutoka Spreewald, bonde lililo kiasi cha kilomita 100 kusini-mashariki mwa Berlin. Wengi mmeniomba niwaonyeshe mto Rhine na kasri zake, nami nitafika huko siku nyingine. Lakini kwa mtu aliyekulia kwenye maji ya mitumbwi, sijaona sehemu ya Ujerumani inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko hii, kwa sababu hapa mashua ingali inasukumwa kwa pondo, ule mti mrefu unaokitwa chini ya maji, na ingali na kazi yake.

Tuanze na mto wenyewe. Spree huanzia kwenye vilima vya Lusatia karibu na mpaka wa Czech, ukapita Bautzen na Cottbus, na baada ya safari ya takriban kilomita 400 huungana na mto Havel huko Spandau, magharibi mwa Berlin. Ukifika katika bonde hili, lililochongwa na maji ya barafu iliyoyeyuka zamani sana, ardhi inakuwa tambarare mno hata mto unakosa nguvu ya kushika njia moja. Basi unatawanyika kuwa mamia ya vijito na mifereji, mingine ya asili na mingine iliyochimbwa kwa mikono ya watu, halafu maji hujikusanya tena na kuendelea na safari yake. Hayo mnayoyaona pande zote mbili ni miti inayoitwa Erle, ambayo hupenda kusimama na mizizi yake majini, na kivuli chake ndicho kinachoyafanya maji yaonekane meusi ingawa ukiyateka mkononi ni safi.

Sasa itazameni mashua. Inaitwa Kahn, ina urefu wa kama mita 9, haina mkuku, na chini yake ni bapa kabisa ili ipite hata pale maji yanapokuwa haba. Zamani zote zilikuwa za mbao, lakini siku hizi nyingi zinaundwa kwa alumini. Bwana huyu aliyesimama tezini ana pondo lenye urefu wa karibu mita 4, na kwa pondo hilo moja anafanya kazi mbili: analikita chini na kusukuma, kisha analiacha lifuate nyuma ya mashua na kulitumia kama usukani. Mtazameni anapokata kona hii nyembamba. Tumo abiria wengi ndani, na bado ubavu wa mashua haugusi ukingo. Si kazi ya kuokota barabarani, maana anayetaka kubeba abiria wa kulipa hapa lazima ajifunze na afanye mtihani, na watu wanampa heshima ileile wanayompa fundi yeyote aliyehitimu.

Kitu kilichonifurahisha kupita vyote ni ukimya. Tangu mwaka 1991 Spreewald inatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya bayosfia, yaani eneo ambalo mazingira hulindwa huku watu wakiendelea kuishi humo, na kwenye sehemu kubwa ya mifereji hii mgeni haruhusiwi kuwasha injini. Kwa hiyo unachosikia ni pondo likitoka majini, ndege, na mazungumzo ya watu wa mashua inayokuja mbele yako. Mara mojamoja tunasimama kwenye lango la maji, geti linafungwa nyuma yetu, maji yanapanda taratibu mpaka yalingane na ya upande wa pili, ndipo tunaendelea. Hakuna anayelalamika kwamba anacheleweshwa.

Hiki tunachokiingia sasa ni kijiji cha Lehde. Nyumba zake za magogo zimejengwa juu ya visiwa vidogovidogo, na karibu kila nyumba ina gati lake. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 kijiji hiki hakikuwa na barabara. Mtu alikwenda kanisani kwa mashua, bibi harusi aliletwa kwa mashua, na maiti alisafirishwa kuzikwa kwa mashua. Hata leo, kuanzia Aprili hadi Oktoba, Posta ya Ujerumani huleta barua na vifurushi hapa kwa mashua ya pondo, huduma iliyoanza mwaka 1897. Hilo halifanywi kwa ajili ya kamera zetu. Nyumba nyingi hufikika kwa wepesi zaidi kutoka upande wa maji.

Tazameni pia kibao kile chenye lugha mbili. Mji tuliopandia mashua huandikwa Lübbenau kwa Kijerumani na Lubnjow kwa Kisorbia cha Chini, lugha ya Wasorbi, watu wa asili ya Kislavoni waliokuwa katika nchi hii karne nyingi kabla ya kuwako taifa la Ujerumani. Wanaoizungumza tangu utotoni wamebaki wachache na wengi ni wazee, lakini inafundishwa shuleni, na mjini Cottbus iko sekondari inayoibeba. Nimeona nilitaje hili, kwa kuwa mgeni anaweza kufurahia maji siku nzima asijue ni maji ya nani.

Tumetia nanga kidogo kwa chakula: viazi vya kuchemsha, jibini laini jeupe, na mafuta ya mbegu za kitani yanayomiminwa juu. Pembeni yapo matango ya achari, ambayo jina lake linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu mwaka 1999. Nimeyapenda yale ya haradali.

Nilimwuliza bwana wa pondo ni jambo gani linalomkosesha usingizi, akanijibu bila kufikiri: maji. Kwa miongo mingi machimbo ya makaa ya mawe ya Lusatia yamekuwa yakivuta maji ya ardhini na kuyamwaga Spree, na mto ukazoea kunywa kutoka huko. Ujerumani imepanga kuachana na makaa ya mawe ifikapo mwaka 2038 kwa vyovyote vile, nami naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Lakini machimbo yakifungwa, pampu nazo zitanyamaza, na katika miezi ya kiangazi kikavu Spree itabaki na maji machache mno. Hapo ndipo mifereji hii myembamba itakapoumia kwanza.

Nina ombi kwa ninyi mlio Rufiji, Kilombero na delta ya Tana, ambako pondo bado liko mikononi mwa watu. Niandikieni hapo chini mnatumia mti gani, mnaukata kwa urefu gani, na ni nani aliyewafundisha. Bwana huyu ameomba majibu yenu, nami nimemwahidi nitamtafsiria yote.