Anayejijua Ndiye Anayeinama

Ndugu zangu wazee wa kanisa, mashemasi, viongozi wa kwaya na wa vikundi, Bwana asifiwe. Mada niliyopewa ni unyenyekevu na utumishi katika maisha ya mwamini. Ni mada yenye taabu yake, maana kila anayeisikia hudhani inamhusu aliyekaa kiti cha jirani. Kwa hiyo naomba nianze na watu ambao hawamo humu ndani, ili tuwaseme kwa uhuru.

Luka, sura ya 22, anatuambia kwamba usiku ule wa karamu ya mwisho, mkate umekwisha kumegwa na kikombe kimekwisha kuzunguka, mitume walishindana. Wakishindania nini? Nani kati yao ahesabiwe kuwa mkubwa. Wala haikuwa mara ya kwanza. Marko anasimulia kwamba njiani, wakielekea Kapernaumu, walibishana hayo hayo, na Yesu alipowauliza mlikuwa mkibishana nini, wote kimya. Sura inayofuata Yakobo na Yohana wanaomba viti, mmoja kuume na mmoja kushoto. Mathayo anasema mama yao ndiye aliyepeleka maombi. Wale kumi waliposikia, wakawakasirikia. Mimi hasira ya wale kumi hunifundisha kuliko ombi lenyewe. Kama hawakuwa wakivitaka viti, walikasirikia nini? Na hawa si waumini wachanga. Wamehubiri, wametoa pepo, wameacha nyavu na kazi zao. Nyavu waliweza kuziacha. Kujipima na mwenzao hawakuweza.

Sasa twende Yohana 13. Ni usiku ule ule. Siku zile watu walitembea na viatu vya wazi kwenye njia za vumbi, na kumwosha mgeni miguu ilikuwa kazi ya mtumwa wa nyumba. Katika chumba kile hatusikii habari ya mtumwa yeyote. Maji yapo, chombo kipo, kitambaa kipo. Nadhani kila mmoja aliviona, na kila mmoja alijua kwamba akiinuka yeye, basi amekwisha kulijibu lile swali la nani mkubwa, na jibu si yeye. Wakala miguu ikiwa michafu.

Angalieni Yohana anavyoandika. Mtu huyu, ambaye akianza hotuba ya Bwana hujaza sura nzima nzima, hapa anahesabu kitendo kimoja kimoja. Yesu akaondoka chakulani. Akaweka kando mavazi yake. Akatwaa kitambaa, akajifunga kiunoni. Akatia maji. Akaanza kuwaosha, na kuwafuta kwa kile kitambaa alichojifunga. Hicho kitambaa msikipite haraka. Wamekaa kumi na wawili. Kufikia mtu wa sita au wa saba kimekwisha kulowa, kimeingia tope, na kimefungwa mwilini mwake. Vumbi la miguu yao limehamia kwake. Kisha akavaa, akaketi tena, akaendelea kufundisha.

Lakini mstari ninaotaka tukae nao leo ni wa tatu, kabla hajainuka. Wengi wetu tunauruka tukikimbilia beseni. Yohana anasema Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Ndipo akaondoka chakulani. Mpangilio huo si wa bahati. Aliinama kwa sababu alijijua. Hakuwa na cha kupoteza pale chini, wala hakuwa na cha kutafuta.

Hapa ndipo tunapokosea tunapofundishana unyenyekevu. Tunamwambia mtu ajidharau. Ajiseme vibaya, aongee kwa sauti ndogo, akisifiwa akatae. Basi anakuwa fundi wa kukataa. Anasema, “Mimi si kitu kabisa, mchungaji,” halafu anasubiri. Na usipomjibu, “Hapana mzee, bila wewe kanisa hili lisingefika hapa,” atanuna wiki nzima. Mtu ambaye moyo wake haujatulia kwa Mungu, hata ukimpa ufagio atafagia huku akitazama mlangoni nani anaingia. Utumishi wenyewe anaugeuza njia ya kupanda. Kwa Wakolosai Paulo anautaja unyenyekevu wa namna hiyo, wa kujipendea mwenyewe, na anauweka fungu moja na kuabudu malaika. Tazameni na Musa, ambaye Hesabu 12 inamwita mpole kuliko wanadamu wote juu ya uso wa nchi. Ndiye huyo huyo aliyesimama mbele ya Farao, tena na tena, akamwambia awaachie watu. Upole wake haukuwa woga.

Sasa, mtu aliyetulia hivyo tutamjuaje? Kwanza, hachagui miguu. Yohana anasema wazi kwamba kabla ya kuosha, Ibilisi alikuwa amekwisha kumtia Yuda moyo wa kusaliti, na Yesu alijua. Yuda hakutoka mpaka baadaye, mstari wa 30. Basi miguu yake nayo iliingia kwenye maji yale, ikafutwa kwa kitambaa kile kile. Hatuambiwi kwamba alioshwa harakaharaka wala kwa maji baridi zaidi. Nami nikiwaangalia ninyi viongozi, najua mnao watu wenu. Yupo aliyewasema kwenye mkutano mkuu. Yupo aliyeandika barua kwa askofu. Huyo akilazwa, jina lake linaingia kwenye ratiba ya kutembelea wagonjwa, au siku hiyo kila mtu ana dharura?

Pili, na hili kwangu ni gumu kuliko la kwanza, anakubali kuhudumiwa. Petro akasema, “Wewe hutanitawadha miguu kamwe.” Ukisikia haraka unaona adabu. Mwanafunzi anamheshimu mwalimu wake. Lakini Bwana hakulipokea kama adabu. Alimwambia asipomtawadha hana shirika naye. Petro alikuwa tayari kutoa. Alikuwa tayari hata kufa, au ndivyo alivyodhani, maana alitamka hivyo mwisho wa sura hiyo hiyo. Kupokea ndiko kulikomshinda, kwa sababu anayeoshwa hana pa kuficha uchafu wake. Ninawafahamu watumishi waliopika kwenye kila msiba na kubeba kila mgonjwa, na siku walipougua wao, walifunga mlango. Hawakutaka mtu aone kitanda, aone dawa, aone kwamba chakula ndani kimekwisha. Tukawasifia, mama yule hasumbui watu. Mimi naomba tuache kulisifia hilo. Anayetoa siku zote na hapokei kamwe bado amekaa juu ya wenzake, hata kama amekaa hapo kwa wema.

Jambo la tatu nitalisema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Unyenyekevu umetumiwa kuwanyamazisha watu. Mke anapigwa, anakuja kwa wazee, anaambiwa mwanangu nyenyekea. Mhazini msaidizi anauliza fedha za ujenzi ziko wapi, anaambiwa ana roho ya kiburi. Sasa nisomeeni Yohana 18. Usiku ule ule, saa chache tu baada ya kuosha miguu, askari anampiga Yesu kofi mbele ya kuhani mkuu. Akanyamaza? Alimwuliza: kama nimesema vibaya, ushuhudie ubaya, kama ni vema, wanipigia nini? Paulo naye, Matendo 16, alipigwa viboko Filipi bila hukumu. Asubuhi wakuu wakatuma neno aondoke kimya kimya. Akakataa. Alisema yeye ni raia wa Rumi, waje wenyewe wamtoe, na wakaja. Mwenye nguvu ndiye anayenyenyekea, ndiye anayeshuka. Anayeonewa hatuna ruhusa ya kumwambia ashuke zaidi. Kazi yetu kwake ni kusimama upande wake.

Karne ya 6, huko Italia, Benedikto aliandika kanuni ya watawa ambayo bado inafuatwa na nyumba nyingi hadi leo. Sura ya 7 ina ngazi kumi na mbili za unyenyekevu, na wahubiri wanaipenda. Mimi naipenda ya 35, inayohusu jikoni. Ndugu watumikiane kwa zamu ya wiki, na asiachwe mtu isipokuwa mgonjwa au mwenye shughuli kubwa ya nyumba. Jumamosi anayemaliza zamu afanye usafi, afue vitambaa ambavyo ndugu wamefutia mikono na miguu. Anayetoka na anayeingia, wote wawili, wawaoshe wenzao miguu. Kisha vyombo virudishwe kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima. Naona Benedikto aliwajua watu. Hakuungoja unyenyekevu uje kwa hisia. Aliuwekea zamu, siku, na mtu wa kukagua sufuria.

Padre Damien nitamtaja kwa ufupi, ingawa anastahili siku yake. Alikuwa Mbelgiji, akaenda kisiwa cha Molokai, Hawaii, mwaka 1873, mahali walipopelekwa wagonjwa wa ukoma watengwe na jamii. Alifunga vidonda, alijenga nyumba, alitengeneza majeneza, alichimba makaburi. Katika mahubiri hakusema “ninyi wagonjwa”. Alisema “sisi wenye ukoma”, miaka kadhaa kabla ugonjwa haujaonekana mwilini mwake. Ulimuua mwaka 1889. Ninachotaka mkibebe ni kwamba hakuwa mtu laini. Alikuwa mkaidi, aligombana na wakubwa wake na wa serikali akidai mbao, dawa, wasaidizi. Wapo waliomwona msumbufu. Kama kipimo chenu cha unyenyekevu kinamwacha Damien nje, kibadilisheni kipimo.

Na vyeo vyetu tuviangalie. Gregori Mkuu, Papa kuanzia mwaka 590, alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu, akaishi hivyo. Jina likarithiwa, na baadhi ya waliolirithi waliishi kama wafalme. Sisi nasi tunaitana mtumishi, mtumishi, na mtumishi ana kiti chake cha mbele na mtu wa kumbebea Biblia. Tuendelee.

La mwisho ni kukabidhi. Yohana Mbatizaji alikuwa na umati, jina na wanafunzi. Wakamjia wanafunzi wake na habari ya kuchoma: yule uliyemshuhudia, naye anabatiza, na watu wote wanamwendea. Walikuwa wakimpenda, wakitaka akasirike. Akawajibu kwamba hawezi mtu kupokea neno lolote asipopewa kutoka mbinguni, kisha akasema, “Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua.” Hakusema hivyo akiwa mzee aliyechoka. Alikuwa bado kazini, sauti yake bado inasikika. Mnaona ni mstari wa tatu ule ule? Alijua alichopewa na aliyempa, basi hakikumwuma kilipokwenda kwa mwingine.

Miongoni mwenu wapo ambao muda wao wa uongozi unakwisha. Nawaomba jambo la kawaida kabisa. Kabidhi daftari la fedha lote, pamoja na kurasa zenye mambo ya kueleza. Kabidhi funguo, na ile ya akiba iliyoko nyumbani. Nenda benki ukaondoe sahihi yako kabla hujakumbushwa. Jumapili ijayo kaa katikati ya waumini, na mwenzako akikosea tangazo mwezi wa kwanza, usimgeukie jirani ukasema, “Wakati wetu haya hayakuwapo.” Akija kukuuliza, mweleze yote unayojua. Asipokuja, kuna wagonjwa wa kutembelea ambao hukupata nafasi nao miaka yote uliyokuwa kwenye vikao, na majina yao anayo katibu.